Kuzifuata dizeli kongwe zinapowashwa: Poynton, Hamburg, Copenhagen

Nimerudi Manchester wiki iliyopita, na simulizi hii nimeiunga kutoka kwenye kijitabu chenye madoa ya oili pamoja na picha za simu. Safari ilikuwa na shabaha moja: kuzikuta injini kubwa za dizeli za zamani zikifanya kazi, si zikiwa zimesimama na kibao cha maelezo mbele yake. Mimi ni fundi wa majenereta. Mashine ninazohudumia kila siku zimefungiwa ndani ya makasha ya chuma, na ukitaka kujua hali yake unasoma kioo cha kompyuta. Nilitaka kukaa karibu na mashine ambayo haiwaki mpaka mtu aizunguke kwanza na kopo la oili.

Ratiba niliipanga kwa kuanzia mwisho. Copenhagen kuna injini ya mwaka 1932 ambayo huwashwa Jumapili ya kwanza na ya tatu ya mwezi, kwa hiyo kila kitu kilipimwa kwa Jumapili hiyo. Ukitaka kwenda, thibitisha tarehe kwanza kabla hujalipia tiketi yoyote.

Neno kwa wenye pasipoti za Afrika Mashariki wanaoishi Uingereza: kibali cha kuishi huku hakikuingizi Ulaya bara. Viza ya Schengen ni euro 90, na unaiomba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Kwangu ilikuwa Denmark. Miadi hujaa haraka, hasa kuelekea kiangazi, kwa hiyo anza miezi miwili au zaidi kabla.

Jumapili: Poynton

Kutoka stesheni ya Manchester Piccadilly hadi Poynton treni haichukui nusu saa. Baada ya hapo nilitembea, njia ikipanda taratibu kati ya nyumba na malisho ya kondoo, hadi kwenye Jumba la Makumbusho la Injini la Anson. Limejengwa pale palipokuwa na mgodi wa makaa ya mawe wa jina hilohilo. Halifunguliwi kila siku, wala injini haziwashwi kila linapofunguliwa, basi chagua siku waliyotangaza kuwa wanaziendesha.

Nilianza kwa kuiamkia Mirrlees namba 1. Hiyo ndiyo dizeli ya kwanza kutengenezwa Uingereza. Iliundwa Glasgow mwaka 1897, mwaka uleule ambao Rudolf Diesel, Mjerumani aliyebuni injini hii, alipimiwa injini yake kule Augsburg mbele ya Profesa Moritz Schröter, ikaonekana inageuza zaidi ya robo ya joto la mafuta kuwa kazi. Mirrlees hii ni ya nguvu za farasi 20 tu, lakini urefu wake unamzidi mtu mzima. Ukiitazama vizuri utaona ina kompresa yake. Siku hizo pampu ya kusukuma dizeli kwa shinikizo kubwa kupitia nozeli ilikuwa bado. Mafuta yalipulizwa ndani ya silinda kwa hewa iliyobanwa. Yaani injini ilitumia sehemu ya nguvu zake kutengeneza pumzi yake yenyewe. Siku ile haikuwashwa, na sikuhuzunika, maana banda la pili lilikuwa linajiandaa.

Pale palikuwa na Crossley ya kulala, silinda moja, flaiwili (lile gurudumu zito la kutunza mwendo) inayonifika kifuani. Crossley ni watu wa Manchester, walioanza kutengeneza injini za mwako kwa leseni ya Otto na Langen tangu 1869. Mzee mmoja wa kujitolea, mikono imejaa makovu ya kazi, alikuwa akipita kwenye vikombe vya oili vyenye dirisha la kioo, akihesabu matone yanavyoanguka: hapa tone moja, pale matatu, pale punguza. Hakuwa na haraka hata kidogo. Nilipomwambia mimi ni fundi, alinikabidhi kopo bila kuuliza zaidi, akanionyesha kwa kidole mahali ambapo oili haifiki yenyewe. Hiyo peke yake ingetosha kulipa nauli yangu.

Kisha akachukua mtaimbo, akauingiza kwenye matundu ya flaiwili na kuizungusha polepole mpaka pistoni ikapita kidogo kilele chake. Chupa ya hewa ilikuwa imejaa. Akatuambia turudi nyuma ya kamba, akafungua vali kwa mkono mmoja. Flaiwili ikaondoka kwa uzito, ikazunguka mara ya kwanza kwa mkoromo wa hewa, mara ya pili ikapata kasi, akafunga hewa na kufungua mafuta. Mpasuko wa kwanza niliusikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Halafu kimya. Unadhani imekata roho. Halafu mpasuko wa pili.

Nimekaa pale saa nzima, na kama kuna kitu kimoja nataka msomaji akichukue kutoka ukurasa huu ni hiki nilichokielewa hapo. Injini ya mipigo minne, yaani inayopasua mara moja kila mizunguko miwili, yenye silinda moja, ikizunguka mara 200 kwa dakika, inapasua mara 100. Hazifiki mbili kwa sekunde. Jenereta ninayohudumia kazini ina silinda sita na inazunguka mara 1,500. Hiyo ni mipasuko 75 kila sekunde, na hakuna sikio la binadamu linaloweza kuitenga mmoja mmoja. Crossley inakwenda kwa mwendo ambao akili ya mtu inaufuata. Unasikia inavuta hewa, unasikia inabana, unasikia vali ya ekzosi ikifunguka. Ukiongeza mzigo, unaona gavana, kile kifaa cha kudhibiti kasi, ikishuka na mafuta yakiongezeka, na mpasuko unaofuata unakuwa mnene zaidi. Sababu na matokeo vimekaa wazi, vinanukia mafuta ya moto. Ndiyo maana watu wazima wanaacha familia zao Jumapili kuja kusimama hapa.

Baba yangu alikuwa mwendesha mashine kwenye shamba la mkonge karibu na Muheza. Alipotoka zamu ya usiku alilala mchana na mashine ya korona, ile ya kuchakata mkonge, ikinguruma ng'ambo ya kambi, usingizi mzito kabisa. Ila mlio ukibadilika tu, alikuwa ameshakaa kitandani anatafuta viatu. Niliwasimulia wale wazee habari hiyo na wote wakaitikia kwa kichwa kama watu wanaomfahamu.

Nje uani kulikuwa na Lister CS, ile ya Dursley iliyosaga mahindi ya nusu ya vijiji vyetu, farasi 6 kwa mizunguko 650. Niliruhusiwa kuiwasha. Inua kishikizo cha kuachia mgandamizo, piga handeli mpaka flaiwili mbili zishike kasi, angusha kishikizo. Ikakubali. Mtoto mmoja wa Kiingereza akaniuliza nimejifunzia wapi, nikamwambia kwetu kila mtaa wenye mashine ya kusaga ulikuwa na shule hiyo.

Kiingilio hakikufika paundi 15. Chai na mkate wa mayai vinauzwa palepale. Vaa viatu vya kufunika vidole na usivae shali ndefu.

Jumatatu: kuelekea Harwich

Manchester hadi London, London hadi bandari ya Harwich, hakuna la kusimulia isipokuwa mvua. Kuna tiketi ya pamoja ya treni na meli inayoanzia stesheni za mashariki mwa Uingereza na kukufikisha stesheni yoyote Uholanzi. Ni nafuu kuliko kununua kipande kwa kipande. Safari ya usiku lazima uchukue kabini. Mimi ilinigharimu kama paundi 110 kwa jumla.

Ningeweza kupanda ndege. Nilichagua bahari hii kwa sababu ya Rudolf Diesel. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alikuwa ndani ya meli ya Dresden, akitoka Antwerp kuja Harwich. Alikuwa anaelekea kwenye shughuli za kampuni iliyokuwa ikitengeneza injini zake hapa Uingereza. Alikula chakula cha jioni, akaenda kabini, akaomba aamshwe asubuhi. Asubuhi kitanda hakikuwa kimelaliwa. Siku kadhaa baadaye maiti iliokotwa baharini na watu wa chombo cha Kiholanzi, wakachukua vitu vya mfukoni na kuiachia bahari. Mwanawe akavitambua vitu hivyo. Sababu imebishaniwa kwa zaidi ya miaka mia moja: madeni, maradhi, hata njama. Mimi nilisimama kwenye sitaha baada ya saa tano usiku, upepo mkali, nikamsomea dua kimyakimya. Chini ya miguu yangu sitaha nzima ilikuwa ikitetemeka kwa kitu alichokibuni yeye.

Jumanne: Hoek van Holland hadi Hamburg

Kutoka bandarini unapanda metro hadi Rotterdam, halafu treni ya Amersfoort, halafu ya kimataifa kupitia Osnabrück. Kwenye ramani ni siku rahisi. Karibu na Bad Bentheim, mpakani, treni ikasimama na haikuondoka kwa zaidi ya saa moja. Mama mmoja wa makamo aliyeketi mbele yangu alifungua chupa ya chai akanimiminia kwenye kifuniko, kisha akakata mkate wa jibini vipande viwili bila kuniuliza kama nina njaa. Kijana mwanafunzi upande wa pili alitafuta treni nyingine kwenye simu yake, akaniandikia majina ya stesheni na namba za majukwaa kwenye karatasi. Nimeihifadhi karatasi hiyo.

Nilifika Hamburg saa tatu usiku badala ya alasiri. Malazi yangu yalikuwa melini, nikapiga simu kwa wasiwasi. Mlinzi akasema njoo, nipo. Alikuwa amesimama juu ya ngazi na tochi.

Jumatano: Cap San Diego

Cap San Diego ni meli ya mizigo iliyofungwa kamba kwenye gati la Überseebrücke, katikati ya Hamburg. Ni nyeupe, imechongoka mbele, ilijengwa hapohapo na Deutsche Werft mwaka 1961 kwa ajili ya shirika la Hamburg Süd. Mwaka 1986 ilikuwa njiani kwenda kukatwa vyuma, jiji likainunua. Leo ni makumbusho, hoteli, na bado ni meli: siku chache kila mwaka inang'oa nanga na abiria kwa nguvu zake yenyewe. Kabini ya mtu mmoja nililipa zaidi ya euro 100, na ndiyo gharama kubwa kuliko zote za safari hii. Asiyelala anaweza kulipa kiingilio cha mchana tu.

Chumba cha injini unakishukia kwa ngazi za chuma, sakafu baada ya sakafu, na harufu inakupokea kabla ya macho. Injini ya MAN, kampuni ya Kijerumani: silinda tisa, mipigo miwili (kila silinda inapasua kila mzunguko), nguvu za farasi 11,650. Ilikuwa imetulia, lakini si kwa namna ya kitu kilichokufa. Vitambaa vilikuwa vimetandazwa, na mzee mmoja alikuwa amepiga magoti akisafisha vikombe vya mafuta. Nikamsalimu, akauliza natoka wapi. Niliposema Tanga, akasimama. Katika ujana wake alifika Tanga kama fundi mdogo wa meli nyingine, walipakia mkonge. Anakumbuka meli ikiwa imetia nanga mbali na gati, matishari yakiletwa ubavuni yamejaa marobota, na vumbi la nyuzi likiingia mpaka kwenye chakula. Nilimwambia huenda baadhi ya marobota yale yalipita kwenye mashine ya baba yangu. Alinishika bega, akaniambia leo utakuwa mgeni wangu.

Alinifundisha kitu ambacho hakuna kitabu kilichowahi kunifafanulia vizuri. Injini hii imeungana moja kwa moja na propela, haina gia. Nahodha akitaka kurudi nyuma, injini inasimamishwa, shafti ya kamu, ile inayoendesha vali na pampu za mafuta, inasogezwa, na injini inawashwa upya ikizunguka kinyume. Kila amri ya mbele au nyuma ni pumzi moja kutoka kwenye chupa za hewa. Rubani wa bandari asiye na mpango anaweza kuzimaliza, na kompresa haiwezi kujaza upesi. Kwa hiyo kule chini walikuwa wanahesabu hewa huku wakisikiliza kengele ya telegrafu, chombo cha kuletea amri kutoka juu. Akanionyesha bomba dogo kwenye kila silinda, linalofunguliwa kabla ya kuwasha ili kama kuna maji ndani yatoke, maana maji hayabanwi na kichwa cha silinda kitapasuka. Kabla ya hapo injini yote inazungushwa polepole kwa mota ya umeme. "Unaiamsha," alisema, "huishtui."

Chakula: mkate wenye samaki wa hering na vitunguu pale Landungsbrücken, kama euro 5, unashibisha.

Alhamisi hadi Jumamosi: Copenhagen

Treni ya Hamburg kwenda Copenhagen haipandi tena kivuko kama zamani. Tangu mwishoni mwa 2019 inazunguka kupitia Jutland, kisha inavuka daraja na handaki la Great Belt. Ni karibu saa tano. Weka nafasi ya kiti mapema. Pasipoti hukaguliwa mpakani, iwe karibu.

Copenhagen ni ghali. Chakula cha kawaida mgahawani kinameza kroner 150 bila shida. Niliokolewa na dada mmoja wa Bukavu mwenye duka dogo Vesterbro. Nilimsikia akizungumza kwa simu, nikamsalimu kwa Kiswahili, na jioni ileile nikala bugali, sombe (kisamvu) na samaki nyumbani kwake pamoja na mumewe. Alikataa pesa. Nilipowaeleza kilichonileta, mumewe alisema Bukavu pia kulikuwa na wazee waliojua mashine kwa sikio, na tukakaa kwenye habari hiyo mpaka usiku.

Jumamosi nilipanda boti ya manjano ya usafiri wa umma hadi Refshaleøen, palipokuwa na karakana za meli za Burmeister & Wain mpaka zilipofungwa 1996. Sasa kuna vibanda vya chakula na kumbi za muziki. Ndipo palipotoka Selandia mwaka 1912, meli iliyouonyesha ulimwengu kwamba dizeli inaweza kuvuka bahari kuu: injini mbili za farasi 1,250 kila moja, na haikuwa na dohani kubwa kama meli za makaa. Ilikwenda Bangkok na kurudi. Ilipopita London, Winston Churchill, aliyekuwa akisimamia jeshi la majini, alipanda kuitazama. Injini za ukoo huo, kwa michoro inayobeba bado jina la B&W, zinasukuma meli nyingi za makontena zinazotia nanga Mombasa na Dar es Salaam.

Jumapili: DieselHouse

Metro mpya inashuka Enghave Brygge, mlangoni kabisa mwa kituo cha umeme cha H.C. Ørsted, palipo na jumba la makumbusho la DieselHouse. Fika mapema, watu ni wengi na watoto wanatangulizwa mbele, jambo ambalo ni haki.

Injini ya B&W ya 1932 ina urefu wa mita 24.5 na kimo cha mita 12.5. Silinda nane, nguvu za farasi 22,500, na kwa muda wa miaka 30 hakukuwa na dizeli kubwa kuliko hii duniani. Kazi yake ilikuwa kuisaidia Copenhagen saa ambazo umeme unahitajika kwa wingi. Wazee watatu wa ovaroli za bluu walikuwa wamegawana: mmoja ghorofa ya juu, mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye geji. Pampu za oili zilikuwa zimewashwa muda mrefu kabla ya sisi kuingia.

Saa tano kamili asubuhi hewa iliingia. Fimbo za vali zilianza kupanda na kushuka kwa zamu kutoka upande mmoja hadi mwingine, bila moto bado, chuma tupu kikitembea. Kisha mafuta. Nilikuwa nimejiandaa kwa vishindo kama vya Crossley, na havikuja. Kilichokuja ni ngurumo moja isiyo na mwanya, nzito, iliyokaa kifuani. Nikapiga hesabu kwenye kijitabu: pistoni hizi zinasukumwa pande zote mbili, moto juu na moto chini, mipigo miwili, silinda nane, ni mipasuko 16 kwa kila mzunguko. Kwa mwendo wake wa kazi wa mizunguko 115 kwa dakika, hiyo ni zaidi ya 30 kila sekunde. Siku ile waliiendesha polepole zaidi, lakini sauti tayari ilikuwa imeungana. Macho yanaona uvivu, masikio yanasikia umati. Binti mdogo mbele yangu aliweka kiganja kwenye reli, akakiondoa, akakirudisha.

Ikazimwa baada ya dakika chache. Hapo niliwafuata wazee. Kwa nini muundo huu uliachwa? Mmoja alinishusha hadi mahali fimbo ya pistoni inapopenya kifuniko cha chini cha silinda. Pale pana moto, mgandamizo na fimbo inayotembea, na panatakiwa pasivuje. Kutengeneza hapo kulikuwa adhabu. Turbochaja, zinazosukuma hewa zaidi ndani ya silinda, zilipokuja, nguvu ileile ikapatikana kwa moto wa upande mmoja tu. Na kwa nini mnaiwasha, kwa nini isisimame tu ikatazamwa? Akataja unyevu, sili zinazokauka, beringi zinazolemewa mahali pamoja. Kisha akamwonyesha kijana wa kike aliyekuwa akifuta geji. Yule, alisema, amekuja kwetu akiwa hajui kitu, na mwezi uliopita alituambia silinda moja inachelewa kuwaka kabla sisi wenyewe hatujasikia. Angewezaje kujifunza hilo kwenye injini iliyosimama?

Nilimwuliza binti yule wa geji amelisikiaje. Alifumba macho akanieleza kwa mkono, akipunga hewani, mahali palipokuwa na pengo.

Baadaye

Nilirudi Jumatatu kwa ndege. Ukiondoa viza, safari nzima imenila kama paundi 900, na theluthi yake ni malazi. Anayelala hosteli Hamburg atapunguza sana.

Mwezi wa Desemba nakwenda Muheza. Binamu yangu anasema jengo la mashine la shamba lile bado lina paa, na flaiwili ipo, ingawa shaba yote imeshang'olewa. Mzee wa Poynton amenipa orodha ya picha za kupiga: kibao cha jina kama kipo, namba iliyogongwa kwenye chuma cha msingi, kichwa cha silinda kwa juu na kwa ubavu, na gavana. Ameahidi kunisaidia kutafuta namba hiyo kwenye kumbukumbu za kiwanda. Wazee wawili waliofanya kazi na baba wako hai Ngomeni, na binamu ameshawaambia waje siku hiyo.